Kikombe Kisichoganda

Kikombe kimoja kilikataa kuganda. Friza ya maabara ilikuwa imegandisha mikojo yote ya wanaume, ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume na ya wazima, lakini asubuhi kile kilikutwa na joto kama chai iliyosahauliwa mezani. Mtafiti alikigusa, akaurudisha mkono haraka. Kilikuwa cha baba yake.

Yeye na wenzake walikuwa wakitafuta kwenye mkojo alama za kemikali zinazojitokeza saratani ikiwa bado changa. Kwa hiyo walihitaji wanaume wazima wa kulinganisha na wagonjwa. Na uzima huo ulithibitishwaje? Kwa kuulizwa tu. Mwanaume akisema hana kitu, nani ambishie? Baba alisema hana kitu, na binti yake mtafiti, pamoja na vyeti vyake vyote, akamweka kundi la wazima.

"Mkojo wa mzee una homa," alitania fundi wa mashine, waliyemwita Barafu. Utani ulimwisha mashine ilipochora alama zote walizokuwa wakizisaka, ndefu kuliko za mgonjwa yeyote. Wakarudia kupima. Zikarefuka.

Kisha ikaja harufu ya pembe iliyoungua, ikatoka kwenye friza, ikawafuata koridoni, ikanasa kwenye makoti yao, na mchana ule ule, Barafu alipoinama kufunga mlango wa friza, ndani mle ikasikika sauti ya baba, taratibu, kama ya mtu anayebembeleza mtoto: "Usimwambie mtu."

Barafu alinong'ona, "Dada, huyo si mzee wako. Huyo ni pepo aliyemkalia."

Binti alikwenda nyumbani mbio. Harufu ilimpokea mlangoni. Baba alikuwa sebuleni, ameegemea upande mmoja kama anayekwepa maumivu. Binti alimpigia magoti, akamwambia majibu yametoka, nafasi bado ipo, daktari anamsubiri, na aibu haijawahi kumtibu mtu. Baba alimtazama, machozi yakamlengalenga, na midomo yake mikavu ikaumba neno ambalo binti alilisoma wazi kabisa, nipeleke, nipeleke mwanangu, ilhali sauti iliyomtoka kifuani, nzito, yenye joto lililomchoma binti usoni, ilisema bila haraka yoyote:

"Mimi mzima."