Bibi Harusi wa Saa Kubwa

"Basi bibi harusi akaketi pale pale kwenye ngazi, shela kichwani, sinia la vipande vya mkate vya sherehe mapajani," alisema Radim, akiuonyesha mlango wa ukumbi wa mji kwa ncha ya mwavuli wake. "Ikatimia saa tano, kengele ikalia. Mitume wa mbao wakapita dirishani mwa saa kubwa, wote kumi na wawili. Bwana harusi hakupita."

Watu wa mji wa Ostrava wakacheka. Walikuwa kumi na saba, wastaafu watupu, wamekuja Praha kwa siku moja kutembezwa kwa miguu, na Radim alijua kuwashika.

"Akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Jogoo wa saa alipowika, sinia lilikuwa tupu."

Kicheko kikapaa. Mzee Oldřich, mnene mwenye kofia ya sufu, alicheka mpaka akashika mbavu. Radim akatupa macho nyuma ya kundi, maana mwongozaji mzuri huwahesabu watu wake kila kituo, akakuta wamekuwa kumi na wanane. Huyo aliyezidi alivaa kofia pana, miwani ya jua, na koti la kijani ambalo Radim mwenyewe alilinunua Krismasi iliyopita.

Alikuwa Blanka, mchumba wake.

Jamani, kuna aibu nyingine hata msimuliaji anaona tabu kuisimulia. Bibi harusi wa kwenye ngazi alikuwa Blanka huyo huyo. Miaka sita iliyopita, kabla hajamjua Radim, aliachwa mlangoni pale na mwanamume ambaye hakutuma hata salamu. Radim alielezwa siri hiyo mara moja tu, jikoni kwa Blanka, mwanamke analia, ili aelewe kwa nini harusi yao ya Septemba isingefungwa kwenye ukumbi ule. Radim alimkumbatia akamwapia kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake.

Likatoka Februari. Baridi ilikuwa kali, wageni wanamponyoka mmoja mmoja kwenda kutafuta kahawa, naye hana la kuwazuia. Ulimi hauna mfupa. Akaitoa hadithi, akabadilisha jina, akaongeza ule ulaji wa mikate kutoka kichwani mwake. Watu wakacheka, wakabaki. Kesho yake akairudia. Tangu hapo hakuna kundi lililopita bila kuisikia, na kadiri alivyoirudia ndivyo alivyosahau ni ya nani.

Simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Blanka.

"Leo sikukuu, duka letu la dawa limefungwa, sina kazi. Nilitaka kukushtukiza."

Kabla hajajibu, ikaingia nyingine.

"Sikula hata kipande kimoja. Baba ndiye aliyebeba sinia mpaka nyumbani, kwenye tramu, na suti yake ya harusi."

Radim akapiga hatua kumfuata, simu ikatetemeka tena.

"Endelea. Watu wanakusubiri."

Akaendelea, afanye nini? Aliwapitisha Mtaa wa Karlova mwavuli juu, mdomo unasema wenyewe tarehe na majina ya wafalme, na kila alipogeuka alikuta koti la kijani palepale nyuma, haliji karibu wala haliondoki. Ungedhani anatembezwa yeye. Darajani ndipo alipoharibu kabisa: akawachanganya watakatifu wawili wa mawe, mpaka Mzee Oldřich akafungua kitabu chake kidogo na kumsahihisha mbele ya wenzake. Mama Jarmila, bibi mwembamba aliyekuwa akitembea kwa fimbo, akamuuliza kama anaumwa. Radim akasema ni jua.

Hapo Blanka akainua mkono, kama mgeni yeyote.

"Samahani, bwana mwongozaji. Yule bibi harusi, mwisho wake ulikuwaje?"

Bwana! Mwanamke ambaye asubuhi ile ile alimuaga mlangoni kwa jina la kubembeleza, Ráďa wangu.

"Ehe, mwisho hujatupa," Mzee Oldřich akadakia.

Mwisho alikuwa nao. Kila siku aliutoa hapo hapo darajani: kwamba bibi harusi aliolewa na fundi wa saa, maana huyo angalau hachelewi. Ulikuwa haujawahi kukosa kicheko. Leo hakuutoa; akateremsha mwavuli, watu kumi na wanane wanamtazama.

"Hadithi ile si yangu," alisema. "Niliambiwa na mtu aliyeniamini. Alinipa kilio chake nikakifanya kichekesho. Kwamba alikula ile mikate, nilitunga. Naomba msamaha."

Alidhani amefanya uungwana. Alidhani kusema kweli kutampunguzia mzigo, na kwa dakika moja ukampungua kweli. Kisha akaona Mama Jarmila anamtazama yeye, halafu anamtazama mwanamke wa kofia pana ambaye machozi yalikuwa yameshateremka chini ya miwani.

"Ni wewe, mwanangu?" bibi akauliza kwa upole.

Blanka akaishusha kofia usoni. Watu wote kumi na saba wakageuka kumwangalia, wengine kwa huruma, wengine kwa ule udadisi wa watu wa safari. Mzee Oldřich akavua kofia, hajui aiweke wapi. Ndipo Radim akaelewa kwamba zamani alimvua nguo Blanka asipokuwepo, na sasa amemvua akiwepo. Simu ikatetemeka.

"Kulikuwa na njia mia za kunyamaza. Umechagua kunionyesha kwa kidole."

Hakuwa amenyoosha kidole. Akairudisha simu mfukoni, akainua mwavuli.

Safari yao iliishia kilima cha Petřín. Ilikuwa tarehe mosi Mei, na siku hiyo mwanamke asiyebusiwa chini ya mti wenye maua husemwa atanyauka mwaka mzima, kwa hiyo kila mcheri ulikuwa na wapendanao wake na foleni ya wengine wanaongoja zamu. Wazee wa Ostrava waliaga harakaharaka, macho chini. Mama Jarmila alimkumbatia Blanka, ila kwa Radim alitoa mkono tu.

Wakabaki wawili.

"Blanka, sina la kujitetea."

"Usijitetee. Nisikilize." Alivua miwani, macho yamevimba. "Unajua nini kimeniuma? Si kwamba umesema. Nilipofika pale uwanjani ulikuwa umeshaanza. Nikasikia bibi harusi, shela, mikate. Nikacheka, Radim. Nilicheka na wenzangu, nikajisemea mchumba wangu anajua kusimulia. Mpaka uliposema bwana harusi hakupita."

Radim alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Yule wa kwanza aliniacha siku moja," Blanka aliendelea. "Wewe umekuwa ukiniacha pale kila siku, saa tano kamili, tangu Februari. Halafu jioni unakuja kula kwangu."

"Nipe muda nirekebishe. Septemba bado iko mbali."

"Septemba haipo."

Alichomoa pete, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole mwenyewe kwa mikono yake miwili. Radim, kwa mazoea au kwa kukata tamaa, akainama kumbusu. Maua yalikuwa juu yao. Blanka akamwekea kiganja kifuani.

"Mwaka huu niache ninyauke," alisema, akashuka kilima.

Radim alisimama pale, ngumi imefumba pete. Vijana wawili walioshikana mikono wakamsogelea, wameuona mwavuli.

"Kaka, wewe si mwongozaji? Tuambie, mila hii ya kubusiana ilianzia wapi?"

Alikuwa anajua. Alikuwa na hadithi tatu za jambo hilo, zote za kuchekesha.

"Sijui," akasema, akawapisha chini ya mti.