Casian Hakuwa Mlevi

Kila asubuhi Casian alikula mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na jibini, akamuaga mkewe Profira, akaenda kubeba masanduku ya mvinyo. Uwanja wa ghala letu ni wa mawe meupe. Jua la Julai likiupiga, macho yanauma. Mvinyo unakaa chini ya ardhi, na ngazi za kushukia zilikuwa na giza totoro.

Jumatatu moja Casian alitoka juani, akashuka, akakosa ngazi ya pili. Akaanguka na sanduku lake.

"Umelewa!" akafoka Melentie, msimamizi. "Nenda kwenu. Usirudi."

"Sijaonja hata tone, bosi!"

"Walevi wote husema hivyo."

Kabla yake mbebaji mwenzetu Nistor alifukuzwa vivyo hivyo, kwenye ngazi ileile. Bibi Zinovia pia. Mimi sisahau. Eti ghala ni la mvinyo, basi anayejikwaa ni mlevi! Nani alijisumbua kuuliza?

Profira aliuliza. Ijumaa alikuja uwanjani na mumewe na jirani yake Agripina, muuguzi wa macho. Tukaacha kazi, tukawazunguka.

"Nyuma ya jicho kuna seli za kupokea mwanga," alisema Agripina. "Juani zinapunguza ishara zinazopeleka kwenye ubongo. Zisipopunguza, utaona weupe mtupu. Ukiingia gizani zinaongeza tena, lakini si papo hapo. Seli za kuonea gizani zina rangi inayonasa mwanga. Jua kali huififisha. Kutengenezwa kwake upya kunaweza kuchukua nusu saa."

"Maneno ya hospitali hayo," Melentie akacheka. "Macho yangu mazima."

"Basi tangulia, mzee," alisema Profira. "Leo umefunga kama kila Ijumaa, mvinyo hujaugusa. Sisi tunakutazama."

Melentie akatoka juani, kifua mbele, akashuka. Mguu ukakanyaga hewa. Akadaka kamba ya ukutani, akaning'inia.

"Nishikeni! Sioni!"

"Umekunywa nini, bosi?" Casian akamuuliza, huku akimvuta juu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Hatukugusa sanduku hata moja mpaka Casian aliporudishwa kazini. Na Nistor. Na Bibi Zinovia.

Sasa mlangoni, penye kivuli, pana benchi. Tunakaa kwanza, macho yazoee. Ngazi zimewekewa taa na kingo zake zimepakwa chokaa, ndiyo maana hatungoji nusu saa nzima. Hajaanguka mtu tena.

Na mgeni akikimbilia ngazi kutoka juani, wa kwanza kumfokea ni Melentie:

"Kaa chini wewe! Unataka watu wakuite mlevi?"