Mikunjo ya Kidawa

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Carrollton, Marekani, Kidawa na pacha wake Rukaya waliosha vyombo huku Anko Deo, rafiki wa baba yao, akinywa chai mezani. Anko Deo alikuwa akisoma chuo kikuu. Alichunguza jinsi mikunjo ya ubongo inavyobadilika mtoto anapokua, na kila mwaka Kidawa, pamoja na watoto wengine, alipigwa picha ya kichwa katika mashine kubwa ya hospitali.

Siku hiyo chai yake ilipoa bila kuguswa.

"Nime-run programu ya kulinganisha picha tena na tena, shemeji," alimlalamikia mama. "Picha ya Kidawa ya mwaka jana na ya mwaka huu hazioani kabisa. Mikunjo hukua, haihami! Lazima nilichanganya majina. Jumatatu namwambia profesa tutupe picha za watoto wote, tuanze upya."

Kidawa aligeuka kutoka kwenye sinki. Rukaya akamkanyaga mguu ili anyamaze.

Mwaka jana, ndani ya tundu jembamba la ile mashine, kichwa kimebanwa, mashine ikigongagonga, Kidawa alidhani hatatoka tena. Kwa hiyo mwaka huu alimwomba Rukaya aingie badala yake. Hata walimu huwachanganya, na aliyewapeleka hospitali ni Anko Deo tu; nani angejua? Sasa uongo ulimbana kuliko mashine. Akisema, Rukaya ataadhibiwa pia. Akinyamaza, kazi yote ya Anko Deo itapotea.

"Anko, it wasn't me," alisema huku akilia. "Aliingia Rukaya. Niliogopa."

"Jamani!" Mama alishika kiuno. "Na wewe Rukaya ukakubali?"

Anko Deo alishusha pumzi ndefu.

"Kumbe programu yangu ni nzima! Sura mnafanana, lakini mikunjo ya ubongo kila mtu ana yake, hata pacha. Kidawa, ungeniambia tu. Hatumlazimishi mtu."

"Nataka kujaribu tena," Kidawa alisema.

Siku ya Jumanne Kidawa aliingia tena kwenye mashine. Mama alimshika mguu muda wote, na mkononi Kidawa alikuwa na kitufe cha kuomba kutolewa. Aliogopa sana, lakini hakukibonyeza. Jioni Anko Deo alipiga simu akicheka: picha zimeoana.

Mama aliwaita mabinti zake wote wawili.

"Kuogopa si kosa, wanangu. Kosa ni kuficha. Ukificha, unajifungia ndani, halafu unamfungia na mwenzako humo humo."