Dawa ya Binamu

Cherehani ilikuwa ikipiga pindo la sare ya shule. Fundi aliinua macho. Bintiye wa miaka saba, Kidoti, alikuwa anatoka chooni kwa mara ya tano.

"Umekojoa?"

"Haitoki, mama."

Ilikuwa saa saba mchana. Tangu alfajiri hata tone halijatoka. Fundi alimgusa tumbo chini ya kitovu. Lilikuwa gumu kama mpira uliojaa upepo.

Alijua alichofanya.

Kwa miezi mingi Kidoti alikuwa akijilowesha darasani. Binti wa wifi yake naye alikuwa hivyohivyo, akapewa vidonge hospitali, akakauka. Juzi wifi alileta vidonge vilivyobaki.

"Hawa si wanavaa gauni moja?" alisema wifi.

Fundi aliona ni kweli. Akimpima mmoja kwa tepu, humkatia na mwingine bila kupima. Basi akaona na dawa ni hivyo, akampa Kidoti.

Sasa yeye na wifi walimbeba Kidoti mpaka zahanati. Njiani wifi alinong'ona, "Tukifika, mimi usinitaje. Na vidonge tusiviseme. Nesi atatuchamba mpaka tukome."

Muuguzi alimlaza mtoto, akabonyeza tumbo. Kidoti alilia.

"Ametumia dawa yoyote?"

Wifi alimfinya fundi kiunoni. Fundi akatoa pakiti mfukoni. "Hii. Ni ya binamu yake."

"Umefanya vizuri kusema."

Muuguzi alimwekea Kidoti mpira mwembamba wa mkojo. Mkojo ulitoka, ukajaza vikombe viwili na zaidi. Mtoto akanyamaza, akashusha pumzi.

"Sikieni," alisema muuguzi. "Kibofu ni mfuko wenye mdomo. Mfuko wa binamu unajikaza ovyo kabla haujajaa. Dawa hii inautuliza. Wa Kidoti haumwagi wote. Mkojo unabaki, unafurika, ndipo analoa. Ukiutuliza huo, umeulaza usingizi."

"Na kama tungechelewa?" aliuliza wifi.

"Mkojo ukikaa huleta maambukizi. Ukirudi nyuma, huharibu figo."

Muuguzi aliwapeleka hospitali kubwa. Daktari alimpima Kidoti kwa mashine ya picha. Alikuta mdomo wa kibofu unajikaza wakati wa kukojoa, na choo kigumu kinakibana kibofu. Alimwandikia dawa ya kulegeza mdomo huo, na nyingine ya kulainisha choo.

"Ya kulegeza mpe jioni," alisema daktari. "Inaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo ainuke polepole. Akizimia au akishindwa kukojoa, mlete mara moja. Usiongeze, usipunguze, usimgawie mtu."

"Hata wifi?"

"Hata mimi."

Nyumbani, Kidoti alikwenda chooni kila baada ya saa mbili au tatu. Alikaa, miguu juu ya kigoda, bila kujikamua. Akimaliza, alisubiri kidogo, akajaribu tena.

Baada ya wiki sita walirudi. Fundi alikaza macho kwenye mashine kama anayesubiri hukumu.

"Mkojo uliobaki ni kama kijiko kimoja tu," alisema daktari. "Safi kabisa."

Kidoti aliteremka kitandani, polepole.

"Nisubirini," alisema. "Naenda kukimalizia."