Walioomba Msamaha kwa Niaba ya Okinyi

Kiatu kilichompata Okinyi shavuni Jumamosi ile katika soko la Owino, Kampala, kilikuwa sandali nyeusi ya ngozi, na msichana mwenye nacho alibaki amesimama kwa mguu mmoja kwenye matope kama korongo aliyekasirika.

"Mwachie mkono," alisema yule msichana. "Huyo ni mke au ni mbuzi?"

Okinyi hakumwachia. Angemwachiaje na hiyo ndiyo kazi iliyomleta? Alikuwa akimburuta Alal mbele za watu, akimkataza kwenda kliniki kupima virusi vya Ukimwi, ili watu wajae na wabishane. Alal naye alilia machozi ya kitunguu kwa ufundi mkubwa. Wote wawili ni waigizaji wa kundi la Tazama Tena, na hilo lilikuwa igizo la siri: unaliigiza sokoni bila kumwambia mtu, halafu watu wakishachemka unawafunulia na mazungumzo yanaanza.

"Dada, haya ni mambo ya nyumbani," Okinyi alisema kwa sauti ya kilevi.

"Basi ungeyaacha nyumbani." Sandali ikaja mara ya pili.

Owino ilishangilia. Muuza mitumba alipanda juu ya robota lake aone vizuri. Mama mmoja wa nyanya akasema banange, jamani, mwongeze na cha kulia. Omolo, mkubwa wa kundi, alipoona mwigizaji wake anamalizwa, alijitokeza akapiga makofi, akaeleza kwamba lilikuwa igizo, asanteni sana, sasa tuulizane, kwa nini mwanaume aogope mke wake akipima?

Wengine wakiulizana, msichana alivaa kiatu chake polepole. Gauni lake lilikuwa refu, la zambarau, mtandio wa njano, na hina mbichi ilikuwa imepanda kutoka kwenye kucha mpaka kifundo cha mkono.

"Kwa hiyo nimempiga mtu wa uongo kwa kiatu cha kweli," alisema.

"Shavu ni la kweli," Okinyi akasema. "Lishike uhakikishe."

"Nimeshalishika mara mbili."

"Naitwa Okinyi. Wa Nsambya, kule kota za reli."

"Mkenya."

"Baba ndiye Mkenya. Mimi ni wa Nsambya."

"Husnah. Mnubi wa Kawempe." Alimtazama pale shavu lilipoanza kuvimba. "Weka maji baridi. Na kama simu yako nayo ni ya kuigizia, useme mapema nisihangaike na namba."

Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akipenda anabipu. Simu inalia mara moja, inakatwa, na aliyebipiwa anajua kwamba anawazwa. Okinyi alibipu asubuhi, mchana na jioni. Siku Husnah aliponunua kadi akapiga kweli, alianza kwa kugomba.

"Wewe mwigizaji, utaniulia betri."

"Nilikuwa nakusalimia, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Wa kweli au wa Owino?"

"Wa kweli. Wa Owino yuko na mume wake, Alal ameolewa."

Husnah alicheka kile kicheko chake cha kukimeza nusu, na Okinyi, aliyezoea kuchekesha watu uwanja mzima, akaona kwamba nusu ile inamtosha.

Tatizo lake lilikuwa utani. Alishawahi kumpigia Husnah akijifanya karani wa redio, akamwambia ameshinda jogoo. Alishawahi kufika Kawempe amevaa kanzu na kofia, akijiita Shehe Okinyi wa Nsambya, mpaka wazee wa pale wakamwitikia salamu na kumuuliza ni wa msikiti gani. Husnah alikuwa anakasirika kwanza, anacheka baadaye. Ila siku moja, wakila roleksi, chapati iliyoviringishwa na yai, kando ya barabara, alimwambia, "Iko siku nitalia na wewe utangoja nimalize uone kama ni igizo."

"Nitakujua tu."

"Hm," alisema Husnah, akafuta yai kidoleni.

Mama Husnah alikuwa anakaanga sambusa mbele ya nyumba yake, na Kawempe nzima ilikula kwake. Siku Okinyi alipokaribishwa ndani, mama alivaa gurbaba yake ya sherehe, lile shuka la maua ambalo mama wa Kinubi hajifungi kwa mgeni wa kupita. Alimuuliza kuhusu wazazi wake, kuhusu dini, kuhusu kazi hii ya kupigwa viatu. "Utasilimu?" aliuliza, kama mtu anayeuliza kama utaongeza sukari. Okinyi akasema analifikiria. "Fikiria huku unakula," mama akasema, akamtuma Husnah kwa jirani, Loice, kuazima chupa ya chai.

Lakini kabatini palikuwa na chupa ya chai. Nyekundu, kubwa, yenye maua meupe, imefutwa mpaka inang'aa.

Okinyi hakuvumilia. Walipokuwa wakisindikizana aliuliza, "Ile chupa yenu ni ya mfalme? Mbona mnaazima kwa Loice na yenu imekaa inatutazama?"

"Imepasuka ndani."

"Basi mama anaifutia nini? Niambie. Mna dhahabu humo?"

Alimtania njia nzima. Penye kona ya msikiti Husnah alisimama. "Dawa zake za virusi ziko humo," alisema. "Tangu Baba alipofariki. Kila jioni anaifungua kama anayejimiminia chai, anameza, anaifunga. Loice hajui. Wajomba hawajui. Anakaanga chakula cha watu, Okinyi, unaelewa? Siku wakijua hakuna atakayekula."

"Naelewa."

"Usicheze na hilo."

"Sichezi," alisema Okinyi, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Sasa, Tazama Tena walikuwa na sheria. Igizo lao kubwa linatengenezwa kwa visa vya watu. Mtu anakaa nao kwenye duara, anatoa kisa chake, wanabadilisha jina, mtaa na kabila, na mwenyewe anakubali kwa mdomo wake kabla hakijapanda jukwaani. Mwezi ule walihitaji kisa cha mtu anayeficha dawa, na kila walichojaribu kilikuwa kikavu kama hotuba ya diwani. Okinyi akasimama, akajifunga leso ya Alal kiunoni, akaigiza mama anayejimiminia chai isiyokuwepo. Chumba kizima kilinyamaza. Alal alilia bila kitunguu.

"Hiki umekitoa wapi?" Omolo aliuliza.

"Kwa mtu wa Kisumu. Amekubali."

Alijiambia kwamba kitawasaidia wanawake wengi kama Mama Husnah. Alijiambia pia kwamba igizo litachezwa Kisugu, na Kisugu na Kawempe ni mji mwingine na mji mwingine. Mengine hakujiambia, kwa mfano jinsi lilivyokuwa tamu lile la chumba kunyamaza kwa sababu yake.

Asubuhi ya igizo, uwanja wa Kisugu ulikuwa umechukuliwa na msiba. Omolo alipiga simu huku na huku, akapata uwanja mwingine. Kawempe.

Okinyi alibipu Husnah. Hakujibu. Akabipu tena. Angeweza kupiga simu ya kweli. Angeweza kumwambia Omolo chupa itolewe, tufiche dawa kwenye gunia la mchele au popote. Alikuwa ameishika mkononi, nyekundu, yenye maua, aliyoitafuta soko zima mpaka akaipata inayofanana na ya Mama Husnah. Akasema moyoni, nani ataangalia chupa?

Kawempe ilimpenda. Walicheka alipotembea kama mama mnene, walicheka alipomtuma mtoto kwa jirani kuazima chupa ya chai huku yake iko kabatini. Kisha akaifungua ile nyekundu, akatoa vidonge, akameza. Kicheko kilikatika mbele, kwenye mstari wa wanawake. Loice alikuwa amekaa pale na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Hakuzungumza kwa sauti kubwa. Alisema tu, "Kumbe," na mwanamke wa pembeni yake akageuka kuelekea upande wa nyumba ya sambusa.

Igizo la Tazama Tena lina desturi yake: mtazamaji akiona mambo yanaharibika anasema "Simama hapo," waigizaji wanaganda, na yeye anachukua nafasi ya mmoja wao ajaribu njia nyingine. Siku ile hakuna aliyesema. Watu waliinuka na kwenda zao.

Kesho yake sambusa zilibaki kwenye sinia. Keshokutwa pia. Loice aliagiza chupa yake iliyoazimwa irudishwe, na ilipofika akaiosha kwa dawa ya choo hapo hapo uani, mama akiona. Kabla wiki haijaisha Mama Husnah alifunga jiko na kwenda Bombo kwa dada yake.

Husnah alipopokea simu hatimaye, hakuwa analia.

"Nani alikwambia uitumie ile chupa?"

"Husnah, nilibadilisha jina. Nilibadilisha mtaa, nikamfanya Mjaluo..."

"Ulibadilisha kila kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitazama."

"Nilikubipu asubuhi ile."

"Ulinibipu," Husnah alirudia taratibu. "Jambo la mama yangu, ukanibipu."

"Nisamehe, mpenzi. Niambie nifanye nini."

"Mama anasema hana kinyongo. Anasema siku ile ulikula vizuri. Mimi si Mama." Simu ikakatwa.

Mtu mwingine angekwenda Bombo kwa miguu akae mlangoni. Okinyi, kwa kuwa ni mtu wa jukwaa, alitunga igizo. Liliitwa Msamaha. Lilihusu kijana anayetoa siri ya mama mkwe wake, na aliigiza yeye mwenyewe, bila leso wala sauti ya kuchekesha. Omolo alimtazama akifanya mazoezi, akasema, "Bwana, hili si ungemwambia mwenyewe tu?" Okinyi akasema atamwambia hivi hivi, mbele za watu, kwa sababu mbele za watu ndipo alipoharibu. Akamtumia Husnah ujumbe: Jumapili, saa kumi, uwanja wa kota za polisi, Nsambya. Tafadhali.

Husnah alikuja. Gauni jeusi, mtandio mweusi, mikono mitupu bila hina. Alisimama nyuma, mpaka Okinyi alipopiga magoti mbele ya Alal, aliyeigiza mchumba, na kuanza maneno yake marefu.

"Simama hapo," Husnah alisema.

Watu walimpisha. Alimgusa Alal begani, Alal akamwachia kiti. Okinyi alikuwa bado magotini, akimtazama kutoka chini, na moyo wake ulifanya ujinga wa kufurahi.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa..."

"Simama hapo." Ilikuwa sauti nyingine. Fundi mmoja mzee wa reli alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, ameshamgusa Okinyi bega. Sheria ni sheria. Okinyi aliinuka akasogea pembeni, na mzee akachukua nafasi yake.

"Mwanangu," mzee alimwambia Husnah, "ujana ni kitu kibaya. Msamehe, mtazaa."

"Hapana, mzee," Husnah akasema kwa adabu, na watu wakacheka.

Kijana wa boda akachukua zamu, akaahidi kumpeleka popote bure maisha yake yote. Hapana. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akajaribu kumpa mahindi. Wakacheka tena. Okinyi alisimama kwenye mstari wa pembeni, mikono haijui pa kukaa, akitazama watu asiowajua wakimwombea msamaha kwa mwanamke wake mmoja baada ya mwingine, wote kwa maneno yanayofanana na yake.

Kisha akainuka askari wa kike, Akidi, bado na sare, kofia kwapani. Hakupiga magoti. Alivuta kiti kingine akakaa karibu na Husnah.

"Mama yuko wapi sasa?" aliuliza.

Husnah alimgeukia. "Bombo. Kwa dada yake."

"Dada anajua?"

"Hajui. Mama anaficha upya."

"Dawa anameza?"

Husnah alitazama mikono yake. "Ameacha. Tangu alipohama. Anasema kila akizitazama anasikia watu wanacheka."

Okinyi alilisikia hilo pamoja na wengine wote, kwa wakati mmoja na muuza mahindi.

"Sasa mimi siigizi," Akidi alisema, akageuka watu wamsikie. "Dawa hizo mimi nazimeza, hapa kota wote wananijua, na chai yangu wanakunywa. Bombo si mbali. Twende nimsalimie mama."

Husnah alianza kulia. Watu walipiga makofi kwa nguvu, wakisema huyu dada anajua kuigiza, na Okinyi akapita katikati ya makofi akamfikia.

"Nakuja na nyinyi," alisema. "Husnah. Twende wote, nimwone mama."

"Hayo ameyasema huyu," Husnah akasema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Hakusema kwa hasira. "Wewe baki. Watu wako wanakungoja."

Wakaondoka, sare na nguo nyeusi, wakavuka barabara kuelekea kwenye magari ya mjini. Omolo alikohoa, akaendelea na kazi kama desturi inavyotaka: jamani, tumejifunza nini, nani ana swali kwa waigizaji? Okinyi alikalishwa kwenye kiti kile kile, mbele ya wote.

Mzee wa reli alinyoosha mkono.

"Mwisho huu," aliuliza, "mliupanga au umetokea tu?"

Okinyi alitazama barabara. "Umetokea tu, mzee."

"Ni mzuri," mzee akasema, na wengi wakatikisa vichwa kukubali. "Msiubadilishe."