Nani Alibonyeza Kwanza

Posta ya Kericho siku ya mvua ya mawe ingemfanya hata mchungaji atukane. Mji mzima ulikuwa umekimbilia humo ndani, makoti yananuka maji, na simu iliyofanya kazi ilikuwa moja. Chemutai aliikamata kwa mkono mmoja, sketi yake ya buluu imelowa hadi magotini.

"Dada, usiongee kama mtu anayesimulia ndoto," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, tai nyekundu iliyofungwa vibaya ajabu.

"Kwani wewe ndiye mwenye posta?"

"Mimi ni Osoro, wa Sotik. Bosi wangu anangoja simu yangu, na hasira yake haina likizo."

"Atangoja. Napigia watu wa mtandao Nairobi. Seva yetu imelala."

"Seva ndiyo nani? Mtoto?"

"Ni kompyuta inayokesha ili watu wa mbali wasome tovuti yetu. Wewe nawe!" Hakutaka kucheka, lakini akacheka. "Na hiyo tai, nani alikuwa anakunyonga?"

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Chemutai alitunza seva ya kampuni moja ya chai. Osoro alikuwa kibarua wa mfanyabiashara wa Sotik, akimnunulia majani ya chai ya kufunga kwenye pakiti. Baada ya mvua ile simu ya ofisini haikupumzika.

"Naomba kuongea na mwenye seva."

"Ameenda kula," Chemutai mwenyewe angejibu.

"Mwambie mpenzi wake ana njaa."

"Mpenzi wake ale ugali, aache kusumbua watu kazini!"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwaka uliofuata ofisi nzima ilijua, na Winny wa mapokezi alikuwa anakohoa makusudi kila simu ilipolia. Hata mzee Hezekiah, babake Chemutai, akajua. Kijana kuwa Mkisii hakukumsumbua sana, ila neno lake lilikuwa moja: "Alete watu wake Desemba tufanye koito, tuongee mambo ya posa. Lakini aje akiwa na kazi ya kudumu. Binti yangu siozi kwa kibarua."

Bosi wa Osoro naye akaweka sharti lake. Kampuni ya kina Chemutai ilikuwa inauza mzigo mmoja wa chai safi kupitia tovuti, na wa kwanza kuagiza ndiye mwenye chai. Osoro akiupata, anaandikwa kazi ya kudumu. Akiukosa, aende nyumbani.

Asubuhi ya mauzo maagizo mawili yaliingia kwa sekunde ile ile. Moja la Osoro, lingine la mnunuzi wa Mombasa.

"Nani wa kwanza?" Meneja Alexander akauliza, amemsimamia Chemutai nyuma ya kiti.

Chemutai akafungua kumbukumbu za seva, ambako kila anayegusa tovuti huandikwa na saa yake. Saa zililingana mpaka sekunde ya mwisho, na chini ya sekunde seva haikuandika kitu. Mstari wa Mombasa ulikuwa juu, wa Osoro chini yake. Nyuma, Winny akakohoa. Masikio yakamwaka moto Chemutai.

"Mombasa," akasema. "Iko juu."

Mchana Osoro akapiga.

"Nilibonyeza mara tu ukurasa ulipofunguka, Chemu!"

"Sekunde ni moja, Osoro, na wewe uko chini."

"Kama sekunde ni moja, umejuaje mimi ni wa pili?"

"Wa juu ndiye wa kwanza. Nina hakika."

"Huna! Uliogopa watasema umempa Mkisii wako. Ukanitoa mimi ndiyo uonekane msafi."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Chemutai akajibu. Jamani, kuna methali zingefaa kufungiwa kabatini.

"Nimefutwa kazi. Mwambie baba yako asichinje kitu." Akakata.

Chemutai alipiga Sotik mpaka kidole kikamuuma. Hayupo. Ametoka. Haongei na mtu. Alikasirikia simu, akamkasirikia Winny, akamkasirikia Osoro kwa kiburi chake. Lakini lile swali lilimganda: umejuaje?

Programu ya seva ilikuja na maandishi yake yote ya ndani, mtu angeweza kuyabadilisha. Akayaingilia ili seva iandike pia vipande vidogo kabisa vya sekunde. Seva ikagoma. Akarekebisha, ikagoma tena, tovuti ikazimika na Alexander akaja mbio.

"Nani amekutuma? Kwani sekunde haitoshi?"

"Haitoshi, bwana."

"Imetosha dunia nzima, wewe haikutoshi!"

Hatimaye ikakubali, na mistari ikaanza kuingia na vipande vyake. Hapo ndipo alipoona kitu kilichomkata maini. Mtu mwingine wa Sotik, wa siku hiyo, alikuwa amefika mbele ya mtu wa Mombasa, tena kwa sekunde ile ile, lakini mstari wake umekaa chini. Seva iliandika mstari ikishamaliza kumjibu mtu, na laini ya simu ya Sotik, mbovu ile, ilichelewa kumaliza. Kumbe mstari wa juu ni wa aliyemaliza kwanza. Aliyefika kwanza ni habari nyingine.

Alirudi mbio kwenye kumbukumbu za siku ile ya mzigo. Vipande havikuwapo. Havingepatikana kamwe.

Jumamosi akavaa gauni lake la kijani akaenda Sotik. Alimpata Osoro kwenye mashine ya kusaga unga, mweupe kwa vumbi mpaka kope, watu wamekalia magunia wakingoja.

"Umefuata nini?"

Akamweleza yote, akipaza sauti juu ya mngurumo. Osoro akazima mashine.

"Kwa hivyo nilikuwa wa kwanza."

"Sijui."

"Ai, Chemu! Sema tu nilikuwa wa kwanza, yaishe!"

Ulimi ulimwasha. Angesema, na yangeisha kweli. "Siwezi. Labda wewe, labda yeye. Kosa langu nilisema nina hakika, nikiogopa midomo ya watu. Nimemwambia Alexander hivyo hivyo mbele ya ofisi yote. Amefoka, lakini mzigo umeshauzwa."

"Kwa hivyo kazi hairudi."

"Hairudi. Nisamehe."

Osoro akapiga gunia teke. "Mwanamke, unaudhi! Umetoka Kericho na hata uongo mdogo wa kunituliza hukubeba?" Akajipangusa uso, akazidi kujipaka unga. "Baba yako bado hataki kibarua?"

"Bado."

"Basi Desemba nakuja na vumbi hili hili, anikatae uso kwa uso. Wewe utasimama upande gani?"

"Wako."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Anza leo. Watu ndio hawa."

Chemutai akawageukia wale wa kwenye magunia, Wakipsigis na Wakisii, uso unamwaka. "Huyu ndiye atakayenioa!" akasema, na sauti ikafika barabarani.

"Tumesikia, mama," mzee mmoja akajibu. "Sasa mwachilie mume wako awashe mashine. Watoto wetu wana njaa."