Bwana Mdomo Avua Barakoa

Kila Jumamosi mama alikuwa wa kwanza kuamka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia maji kwenye pasi. Alikuwa mpiga pasi wa duka la dobi, na nguo zilizozidi dukani alizileta nyumbani, akazinyoosha juu ya meza ileile waliyolia chakula. Mvuke ulipoanza kujaa chumbani, binti yake naye alitoka kitandani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na shuleni walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia.

Mdogo wake hakuamshwa kwa kuitwa. Redio alikanyaga sakafu kwa kisigino, puu, puu, na mtetemo ukamfikia mtoto kitandani. Alikuwa hasikii tangu alipougua homa kali akiwa mchanga. Walimwita Chapu, maana kila kitu alikifanya mbiombio: kula, kuvaa viatu, hata kuongea. Mikono yake ilikwenda kasi mpaka mama, aliyejifunza lugha ya alama ukubwani, alikuwa akimshika vidole na kumwambia, "Polepole, baba. Mama yako ni mzito."

Redio hakuwa mzito. Yeye na Chapu walibeba nguo zilizopigwa pasi na kuzipeleka kwa wenyewe, na njia nzima alimfasiria. Muuza vitunguu akipiga mzaha, Redio aliugeuza mzaha kuwa mikono, na Chapu akacheka akiwa amechelewa kidogo tu kuliko wengine. Alijivunia sana kazi hiyo. Watu walisema, "Huyu dada ndiye masikio ya mwenzake," naye akavimba kichwa.

Jumamosi ile walimaliza mapema, kwa kuwa mchana kulikuwa na filamu.

Nyuma ya soko kulikuwa na banda la video lenye viti vya plastiki, mapazia mazito na runinga kubwa. Filamu zote zilikuja katika lugha za mbali, kwa hiyo pembeni ya runinga alikaa mfasiri, juu ya kiti kirefu, mikrofoni mkononi na chupa ya maji moto miguuni. Watu walimwita Sauti Saba. Aliweza kuwa mfalme, mtoto, bibi kizee na mbwa ndani ya pumzi moja. Wengi walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama filamu yenyewe.

Mwaka uliotangulia alikuwa amefasiri *Ngao Sita*, filamu ya mashujaa sita wanaolinda dunia. Mmoja wao alivaa barakoa iliyofunika uso mpaka kidevuni na hakutoa neno hata moja. Alichezesha mikono tu, kisha akapiga. Sauti Saba hakupenda kukaa kimya. Akambatiza shujaa yule jina la Bwana Mdomo, na kila mikono ilipozunguka, yeye alinguruma kwenye mikrofoni, "Ngoja kwanza nikukorogee chai yako!" Adui akianguka, akaongeza, "Sukari imekolea?" Banda zima lilikuwa hoi kwa kicheko.

Siku ile Chapu alimvuta dada yake mkono. "Anaongea," alimwambia.

"Nani?"

"Huyo wa barakoa. Ile ni mikono ya kuongea. Siyaelewi maneno yake, si mikono ya kwetu, lakini ni maneno."

Redio alitazama vizuri, akaona kwamba ni kweli. Lakini hakumwambia mtu. Utani ulikuwa mtamu mno, na hakuna aliyeuigiza vizuri kuliko yeye. Wiki iliyofuata shule nzima ilikuwa ikikoroga chai. Kisha wakaanza kuutumia utani huo kwa wanafunzi wa darasa la viziwi, lile lililo nyuma ya maktaba. "Redio, mdogo wako anakoroga chai!" alisema Kipara, aliyekaa naye dawati moja. Redio alicheka pamoja nao. Chapu alipouliza wanacheka nini, alijibiwa, "Filamu tu."

Sasa sehemu ya pili ilikuwa imefika. Mama wa mlangoni, mwanamke mnene aliyekata tikiti, alikuwa amemwekea Chapu kiti kilekile cha siku zote, karibu na spika kubwa, ili apate kuhisi mshindo kifuani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Aliweka tu kanga yake juu ya kiti na kumfukuza kila aliyekitaka.

Filamu ilianza, na Bwana Mdomo alipotokea watu walipiga miluzi. Sauti Saba akakoroga chai, wakashangilia. Katikati ya filamu, shujaa yule alijeruhiwa. Alirudi nyumbani akipepesuka, akaketi, akavua barakoa. Ulikuwa uso wa mtu wa kawaida, umechoka. Mtoto wake wa kike akamsogelea na kumuuliza jambo kwa mikono. Naye akamjibu kwa mikono, taratibu, machozi yakimtoka. Chini ya picha yalipita maandishi.

Sauti Saba aliyasoma. Mikrofoni ilikaa kimya mpaka watu wakageuka kumtazama.

"Jamani," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. "Huyu bwana ni kiziwi. Muda wote alikuwa anaongea."

"Acha utani wako!" mtu alipiga kelele.

"Bwana Mdomo wetu yuko wapi?"

"Kumbe tumemshangilia bubu!" Huyo alikuwa Kipara. "Bubu ataokoa dunia gani? Ataiita kwa nini, kwa filimbi?"

Kicheko kililipuka, na baada ya kicheko, hasira. Wengine walidai pesa zao. Wengine walisema walioitengeneza filamu wamewaharibia shujaa, wengine kwamba Sauti Saba ndiye aliyewadanganya tangu mwanzo. Chupa tupu ikaruka na kumpiga begani. Viti vikapinduka.

Katikati ya vurugu hiyo Chapu alikuwa amesimama juu ya kiti chake. Mwanga wa runinga ulimwangukia usoni, na uso huo Redio hakuwahi kuuona tena. Mikono yake ilikuwa juu kwa furaha. Aligeuka, akaona midomo yote iliyo wazi.

"Wanasema nini?"

Redio aliutazama uso ule.

"Wanamshangilia," alimwambia. "Wanasema ndiye bora kuliko wote."

Jumapili, Chapu alichukua kadi ngumu ambazo mama huziweka ndani ya mashati yaliyokunjwa, akazikata, akazishona kwa uzi mweusi. Barakoa ikatoka safi kabisa. Alimweleza mama habari yote, polepole, ili asipitwe na neno: shujaa ni kama mimi, na watu wote wanampenda. Mama aliweka pasi chini.

"Kweli?" alimuuliza Redio. "Watu wa bandani walifurahi?"

"Kweli, mama."

Mama akambusu Chapu kipajini, akarudi kwenye pasi akiimba. Redio akatoka nje.

Jumatatu alitumwa kupeleka suti ya mteja kabla ya masomo, kwa hiyo Chapu alitangulia shuleni. Redio alipofika getini alisikia vicheko. Uwanjani watoto walikuwa wamefanya duara, na katikati alisimama Chapu. Alikuwa amevaa barakoa yake. Akaivua polepole, kama alivyovua yule shujaa, akainua mikono na kuwaambia wote, "Mimi pia."

Duara zima likaanza kukoroga chai. Mikono mingi ilizunguka hewani, na Chapu, maskini, alidhani wanamjibu. Alicheka nao. Akageuka huku na huku akijaribu kusoma maneno katika mikono isiyosema kitu, akitabasamu, akitikisa kichwa kuwaomba warudie. Kipara akamsogezea kikombe cha bati na kijiko. "Koroga, Bwana Bubu! Sukari imekolea?"

Chapu alikitazama kikombe. Tabasamu likabaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kulitoa. Kisha akamwona dada yake.

"Wanasema nini?"

Mikono ya Redio ilining'inia. Hakuinua hata kidole. Chapu alingoja, akamtazama vidole, akamtazama macho. Akaelewa ya leo, na akaelewa ya Jumamosi. Aliiokota barakoa yake, ambayo mtu alikuwa ameshaikanyaga, akaenda zake darasani nyuma ya maktaba. Mlangoni mwalimu wake alimpokea bila kumuuliza kitu, akamkung'uta vumbi mabegani.

Tangu siku hiyo, Redio akiinua mikono, Chapu alifumba macho. Hakukuwa na mlango mgumu kuliko huo. Kupeleka nguo na dada yake alikataa, mpaka mama akawa anakwenda naye jioni, baada ya kazi, miguu imemvimba. Dukani Chapu alionyesha vitu kwa kidole badala ya kumwomba dada yake amsemee.

Mama alimkalisha Redio mezani, kati ya mashati.

"Nieleze."

Redio akaeleza yote, na ya mwaka uliopita pia. "Sikutaka aumie, mama."

"Na sasa ameumia au hajaumia?"

"Ameumia."

"Ameumia mbele za watu, peke yake, bila kujua yuko wapi. Wewe ndiye uliyemtuma pale akiwa amefungwa macho." Mama hakupandisha sauti, na hilo lilichoma zaidi. "Uliyoyaficha kayatoe mahali pake. Usiniletee mimi tu."

Kesho yake Redio alimwomba mwalimu nafasi, akasimama mbele ya darasa. Alisema alijua tangu filamu ya kwanza kwamba shujaa yule anaongea, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kukoroga chai.

"Redio imeharibika," Kipara alinong'ona, na wachache wakacheka. Wengine waliinamisha macho. Hakuna aliyempigia makofi. Alirudi kuketi akiwa amelowa jasho, na Kipara akasogeza daftari zake mbali naye.

Jioni alikwenda bandani. Sauti Saba alikuwa nje, anazungushia waya mikrofoni. Mwenye banda alikuwa amemwambia kuwa Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho ya kujaribiwa: watu wakivunja viti tena, analetwa mfasiri mwingine.

"Mjomba, ulijua?" Redio aliuliza.

"Niliona mikono," alisema. "Filamu ya kwanza haikuwa na maandishi, sikujua inasema nini, nikatia maneno yangu. Watu wakacheka, basi nikaona nimepata." Alikohoa. "Kuna mtoto wenu yule anayekaa kwenye spika. Alinitazama Jumamosi wakati chupa inanipiga. Yeye peke yake alikuja kuniokotea mikrofoni. Nitamwomba radhi. Utanifasiria?"

"Hatakubali, mjomba. Mimi ananifumbia macho."

Sauti Saba alikuja nyumbani hivyo hivyo. Ikabidi mama afasiri, kwa mikono yake mizito, akikosea na kurudia. Chapu alimsubiri kwa uvumilivu. Mwishoni alijibu, na mama akasoma neno kwa neno: "Hata mimi sikuelewa alichosema shujaa. Lakini nilijua ni maneno. Na wewe una macho."

Sauti Saba, mwenye sauti zote zile, aliitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi ilirudiwa filamu ileile, na banda halikujaa hata nusu. Kabla ya filamu Sauti Saba alisimama na kusema wazi kwamba maneno ya Bwana Mdomo aliyabuni yeye, kwamba shujaa yule hana jina hilo, na kwamba leo, mikono ikisema, yeye atasoma kilichoandikwa tu. "Anayetaka chai, aende hotelini," alisema. Wawili watatu walicheka. Wengine walitoka.

Chapu alikaa karibu na spika, mama kulia kwake, Redio kushoto. Barakoa ilipovuliwa, Sauti Saba alisoma polepole: "Mwanangu, naogopa kama wewe. Lakini nitakwenda." Nyuma kukatokea kelele. Chapu akageuka. Alimtazama mama kwanza. Mama akainua mikono, akakwama. Gizani, na kwa kasi ile, hakuweza.

Chapu akamgeukia dada yake. Hakufumba macho.

"Wanasema nini?"

Redio aliisogeza mikono yake kwenye mwanga. "Mmoja anasema filamu mbovu, anataka pesa yake. Wawili wanasema bubu. Kipara yupo, anacheka. Mama wa mlangoni anawaambia wafunge midomo au watoke. Wengine wote wamenyamaza, wanatazama."

Kila neno lilimwingia Chapu, na Redio aliliona linavyoingia. Kisha Chapu akageukia runinga, akaitazama filamu mpaka mwisho.

Viti havikuvunjika, na Sauti Saba alibaki na kazi yake, ingawa makofi aliyopata siku hiyo yalikuwa machache. Njiani kurudi Chapu alitangulia hatua kadhaa mbele, hakuongea na mtu. Redio alikuwa akilia kimya kimya.

"Nimemwumiza tena, mama."

"Waliomwumiza ni wale. Wewe leo umemwambia kweli," mama alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mtu akikuamini umsikilizie, huna ruhusa ya kuchagua. Tamu mpe, chungu mpe, halafu kaa karibu naye. Uongo wa huruma unamwacha mwenzako peke yake, na siku ukifichuka anabaki bila ukweli na bila wewe."

"Ataniamini tena?"

Mama alimtazama mtoto aliyekuwa mbele yao, mikono yake imetulia mifukoni.

"Leo amekuuliza swali moja, na umelijibu. Kesho usilale, huenda akauliza la pili."